Jirani yangu Mchina anasema kila ninachokula ni baridi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nne Guangzhou. Mume wangu ananunua vitambaa hapa na kuvituma nyumbani kwa kontena, mimi nashinda na watoto. Mwaka jana mwezi wa saba nilipima, nikaambiwa presha imepanda na mafuta kwenye damu yamezidi. Daktari alinipa kidonge cha presha cha kumeza kila siku, akasema nipunguze nyama. Mimi nikaona kupunguza ni kujidanganya, nikaacha nyama, samaki, mayai na maziwa, vyote kwa siku moja.

Asubuhi nasaga tango, mchicha na ndizi pamoja na barafu, nakunywa glasi mbili. Mchana bakuli la saladi na tikiti. Wali na mkate nimeacha kwa sababu nilisikia vinanenepesha. Usiku nakata kipande cha tofu kutoka kwenye friji, namwagia sosi ya soya, nala hivyo hivyo. Jumamosi na Jumapili ndipo najipoza na wali wa nazi, maharage ya nazi na kisamvu nikikipata, maana siwezi kuishi kama sungura wiki nzima.

Miezi miwili ya kwanza nilijisikia mwepesi, nguo zikaanza kunipwaya. Baada ya hapo mambo yakageuka. Tumbo linajaa gesi hadi naona aibu, choo cha asubuhi ni chepesi, miguu ni baridi hata nikivaa soksi mbili, na ikifika saa tisa mchana nimechoka kama niliyelima.

Ghorofa ya juu yetu anakaa bibi mmoja, namwita popo, yaani bibi kwa lugha yao, kama wanavyomwita wenziwe. Kila tukikutana kwenye lifti anachungulia mfuko wangu wa sokoni, anatikisa kichwa: “Han, han.” Yaani baridi. Siku moja aliniandikia orodha ya vyakula baridi, binti yake akanitafsiria kwa simu. Tango limo. Nyanya, bilinganya, mchicha, tikiti, ndizi, choroko, mwani, na hata tofu! Nilipomaliza kuisoma nikaona nimebakiwa na tangawizi tu.

Popo ni mtu mwema. Kila jioni ananiletea chupa ya chai ya mizizi, na mwezi huu amenipa mfuko mzima niwe nachemsha mwenyewe. Mzizi mmoja niliutambua kwa ladha, ni urukususi, bibi yangu wa Pangani alikuwa akitutafunisha tukipata kikohozi. Nakunywa vikombe viwili kwa siku.

Mume wangu anacheka, anasema nitarudi kwenye nyama mwenyewe. Pia ana wasiwasi, kwa sababu popo huchoma ubani na hali nyama tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wao, anahofia nisije nikafuata ibada ya watu bila kujua. Mama naye kwenye simu ananiambia: “Si nilikwambia, tumbo lako limeingia baridi.” Sasa mama na popo, ambao hawajawahi kuonana wala hawana lugha moja, wanasema neno moja.

Shangazi, haya mambo ya moto na baridi ni kweli au ni hadithi za wazee? Na kama mboga zote ni baridi, si bora nirudi kwenye nyama?

Mwenye Tumbo Baridi, Guangzhou

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya sufuria, nianze na chupa. Chai hiyo ya urukususi acha leo. Wachina wanauita gancao na wanautia katika michanganyiko mingi ya dawa zao, kwa sababu kwao ndio mzizi unaopatanisha dawa nyingine zisigombane. Lakini ndani yake mna kitu kiitwacho glisirizini, ambacho ukikinywa kila siku huzifanya figo zishike chumvi na maji na kuipoteza potasiamu. Matokeo yake presha hupanda, na misuli hulegea. Wewe una presha na unameza kidonge cha presha. Unajenga kwa mkono wa kulia, unabomoa kwa wa kushoto. Popo hana kosa, pengine hata hajui kwamba una kidonge. Chukua mfuko wote wa mizizi, nenda nao kwa daktari wako, umwoneshe, apime presha upya na apime potasiamu. Mwaka 2002 Wizara ya Afya ya China ilitoa orodha ya vitu 87 vinavyohesabiwa kuwa chakula na dawa kwa pamoja, na gancao imo, sawa na tangawizi. Ndiyo maana inauzwa kama pipi, na ndiyo maana watu huisahau kuwa ni dawa.

Ukiwa hapo hospitali omba pia wapime wingi wa damu, madini ya chuma na vitamini B12. Uchovu wa saa tisa mchana usiusingizie baridi kabla hujaona karatasi ya maabara. B12 haipatikani kwenye mimea kwa namna ya kutegemewa, wala usidanganywe na anayekwambia mwani unatosha. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, na asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa inabidi aipate kwenye kidonge au kwenye chakula kilichoongezwa. Ini huweka akiba ya muda mrefu, kwa hiyo kwako ningeshuku chuma kwanza. Lakini akiba huisha, anza kidonge.

Sasa hilo la mama yako na popo.

Hawajaonana, lakini elimu zao zina sura moja. Sisi watu wa pwani tiba ya Kiyunani ilitufikia kupitia kwa Waarabu, nayo inagawa vyakula na miili kwa moto na baridi, ukavu na unyevu. Sikiliza tu tunavyozungumza: maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, na yabisi ni kavu. Popo maradhi hayo hayo anayaita fengshi, upepo na unyevu. Mzazi wetu akiwa ndani ya arobaini tunampa uji wa pilipili manga, tunamkataza maji ya baridi. Mzazi wao hukaa ndani mwezi mzima kwa tangawizi, sukari guru na mafuta ya ufuta, naye maji ya baridi hayagusi. Kwa hiyo popo hakukuletea jambo geni.

Wachina wanapanga vyakula katika ngazi: baridi, baridi kidogo, vuguvugu na moto, na katikati kuna wastani, visivyoegemea kokote. Juu ya hapo wana ladha tano, yaani uchachu, uchungu, utamu, ukali na chumvi. Na tumbo wanalifananisha na chungu kilichotelekwa, moto wake ukiwa ni kitu wanachokiita pi. Wafasiri huandika bandama, lakini usilifikirie lile bandama la daktari wa upasuaji, ni jina la nguvu nzima ya kusaga chakula na kukifanya damu. Ukimimina maji ya barafu kwenye chungu hicho kila asubuhi, kwa hesabu yao, unazima jiko.

Ni kweli au hadithi? Nitakwambia ninavyoona mimi. Hakuna kipimo cha maabara kitakachokutolea “baridi” ndani ya tango. Lakini angalia ulichofanya: mtu aliyekuwa anakula wali na nyama amehamia kwa siku moja kwenye rundo la majani mabichi, matunda na barafu. Daktari wa lishe atakwambia nyuzinyuzi zimeongezeka ghafla, utumbo haujazoea, ndiyo maana ya gesi na choo chepesi. Popo atakwambia umezima moto. Hawa wawili wakiingia jikoni kwako watatoa amri moja: pika, kula chakula cha joto, punguza kiasi, ongeza polepole. Mimi sigombani na elimu mbili zinazokubaliana juu ya sufuria.

Ulipokosea wewe ni kuisoma orodha ya popo kama orodha ya haramu. Ile ni mizani. Mwenyewe popo hula tofu, nakuhakikishia, na hula mchicha na bilinganya. Anachofanya ni kukipa kila cha baridi mwenziwe wa moto. Nenda asubuhi ukatazame wanavyopika hapo Guangzhou: mchicha unaingia kwenye karai la moto na kitunguu saumu, tofu haiendi mezani bila tangawizi na majani ya kitunguu, karela inakaangwa na soya nyeusi zilizochachushwa. Moto wenyewe wa jiko nao unahesabiwa; figili mbichi ni baridi, figili iliyochemka saa nzima kwenye supu hawaisemi hivyo. Mimi niliishi mji huo vipupwe viwili, katika nyumba zisizo na kipasha joto kama nyingi za kusini, na sikumbuki kuona Mchina wa makamo akila bakuli la majani mabichi na kuliita chakula cha usiku.

Na kosa la pili ndilo kubwa zaidi, nalo wala si la moto na baridi. Umetupa nafaka. Kitabu chao kikongwe cha tiba, Huangdi Neijing, kinapanga chakula hivi: nafaka tano ni za kulisha, matunda matano ni ya kusaidia, nyama tano ni za kuongezea, mboga tano ni za kujazia. Soma upya mpangilio huo. Kinachomlisha mtu ni nafaka, na kunde wanazihesabu humo humo. Nyama ni nyongeza, unaweza kuiondoa na nyumba ikasimama. Wewe umeondoa nyongeza, sawa, lakini ukaondoa na nguzo, halafu Jumatatu mpaka Ijumaa unaishi kwa vinavyosaidia na vinavyojazia. Wacha uchoke saa tisa!

Kwa hiyo mashine ya kusagia iweke kabatini, tuanze na uji wa mchele. Kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe 8 mpaka 10 vya maji, moto mdogo, saa nzima au zaidi, ukikoroga mara moja moja hadi punje zipasuke na maji yawe mazito. Ukitaka kulala, sufuria zao za umeme zina kitufe cha uji, unatega usiku. Ndani tia vipande vitatu vya tangawizi, na shanyao iliyokatwa. Shanyao ni ndugu mwembamba wa viazi vikuu vyetu, utaiona sokoni kama fimbo zenye vinyweleo. Vaa glavu unapomenya, inawasha mikono kama magimbi. Tia na hongzao nne au tano, zile wanazoziuza kwa jina la tende nyekundu. Si tende hata kidogo, ni jamaa wa kunazi zetu, onja utaniambia. Vyote hivyo kwao ni vya wastani au vuguvugu. Siku nyingine changanya na mawele na karanga, au boga, ambalo popo atalisifu kwa sababu lipo upande wa joto. Ukishiba uji huu saa moja asubuhi, njaa ya saa nne haikutafuti.

Usiku, ile tofu ya friji. Ikate vipande, izamishe dakika tatu katika maji ya moto yenye chumvi kidogo, harufu ya soya itatoka na itapata moto hadi ndani. Loweka uyoga mkavu nusu saa, na maji yake usimwage, ndimo ilimo supu. Karai likipata moto tia mafuta kijiko kimoja, tangawizi, kitunguu saumu, uyoga, kisha tofu, kisha yale maji ya uyoga, funika kidogo. Mwisho majani ya kitunguu, pilipili manga, na matone machache ya mafuta ya ufuta baada ya kuzima jiko, kwa sababu hayo ni ya harufu, si ya kukaangia. (Ufuta wa Lindi unasafirishwa kwa wingi kwenda China, kwa hiyo huenda unakula jasho la mtu wa kwenu.) Kula na wali. Ndiyo, wali, ukiweza uchanganye na mchele usiokobolewa au mtama. Pembeni mchicha uliochovywa dakika moja katika maji yanayochemka na kukamuliwa, na kamulia ndimu juu, inasaidia mwili kuchukua chuma. Chai ya majani isogeze saa moja baada ya chakula, ikiingia pamoja na chakula inakizuia hicho chuma.

Choroko nazo usizikimbie. Mwezi wa saba Guangzhou inapogeuka mvuke, wao wenyewe wanakunywa maji ya choroko zilizochemshwa kwa ajili hiyo hiyo ya kupoza. Januari ndipo haziwafai peke yake. Ukizipika Januari, zipike kama sisi, na kitunguu, tangawizi na bizari, zitakuwa zimeshavaa koti. Huo ndio utamu wa kanuni yao: chakula hakihukumiwi peke yake, kinaulizwa ni msimu gani, mlaji ni nani, na kimeandamana na nani.

Mambo mawili popo hatakwambia, kwa sababu hayamo katika kanuni zake. Sosi ya soya kwanza. Kijiko kimoja kikubwa kinabeba zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Wewe mwenye presha unaimwaga juu ya tofu kama maji ya kunawa. Pima kwa kijiko cha chai. La pili litakuuma: tui la nazi. Ni mmea, kweli, lakini mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya, na hiyo ndiyo iliyokufikisha kwa daktari. Sikukatazi, mimi mwenyewe nitakula nini? Tui la pili, jepesi, mara moja kwa wiki, na maharage ya Jumapili yaunge kwa karanga zilizosagwa.

Ama wasiwasi wa mumeo, ana haki nusu. Kutokula nyama tarehe 1 na 15 ni desturi ya Wabudha, na ukila kwa popo siku hizo utashangaa ameondoa hata kitunguu na kitunguu saumu. Hiyo ni kwa sababu ya ibada yao, haihusiani na tumbo lako, usiifuate ukidhani ni afya. Kula uji wa mchele hakumwingizi mtu katika dini ya mtu. Angepaswa kuhofia kitu kingine kabisa, yaani mboga za mgahawani. Sahani ya mboga tupu inaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, imetiwa mvinyo wa kupikia, unga wa kuku, sosi ya chaza au kamba wadogo. Ile tofu maarufu ya Sichuan, mapo, kwa kawaida ina nyama ya kusaga juu yake. Ukisema tu hutaki nyama, mpishi anasikia hutaki vipande vya nyama. Sema “wo chi su”, yaani nakula mboga tu, kisha taja mafuta ya nguruwe na mvinyo kwa majina, au nenda kwenye mikahawa ya Waislamu wa Kichina yenye kibao cha qingzhen, yaani halali, ukawaombe tambi bila nyama. Hata huko supu ni ya mifupa, uliza.

Je, urudi kwenye nyama? Hakuna kinachokulazimisha, na daktari alisema punguza. Ukiona samaki wa mvuke mara moja kwa wiki anakurahisishia maisha na mumeo, kula, hujavunja nadhiri. Ukitaka kuendelea bila hata yeye, endelea, ila uwe na nafaka, kunde na B12. Tumbo lipe wiki tatu au nne za chakula cha moto. Likikataa kutulia, au ukiona damu kwenye choo, au unaendelea kupungua bila kutaka, hiyo si kazi ya tangawizi, rudi hospitali.

Popo mrudishie chupa yake na kitu ndani, isirudi tupu. Mpelekee choroko zako zenye bizari, umwambie daktari amekukataza gancao kwa ajili ya presha. Ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Na mumeo mwekee bakuli la uji wa shanyao kesho asubuhi, ulikolee pilipili manga, usimwambie limetoka kwa nani mpaka alimalize.

Shangazi